Barua kwa sahibu yangu wa barabara ya Malaba

Arlington, Texas
9 Machi 2025

Sahibu yangu,

Salamu nyingi, na uwasalimie wote hapo nyumbani. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikaona una wasiwasi wa kweli. "Mtu mzima na mvi zake anauza nyumba ya matofali akalale kwenye trela? Umefilisika hutaki kutwambia?"

Sijafilisika, ndugu yangu. Nimestaafu, shemeji yako naye amestaafu, na nyumba hii ina vyumba vinne vya kulala, vitatu havina mtu tangu watoto waondoke. Kila mwaka nailipa serikali kodi ya kumiliki nyumba, na hapa Texas si ndogo, kwa ajili ya vyumba vya kuwekea masanduku. Wajukuu wawili wako Minnesota, mmoja Arizona. Kuja kuishi Mombasa moja kwa moja bado tunalizungumza, na lina barua yake.

Sasa nikueleze trela lenyewe, maana katika watu wote wewe, tuliyekuwa lori moja, ndiye utakayelielewa. Wenyewe wanaliita gurudumu la tano. Ile sahani yenye grisi nyuma ya kichwa cha lori, inayoshika kingipini, ile pini ya trela, ndiyo hiyo hiyo, ila imefanywa ndogo ikafungwa ndani ya bodi ya pikapu, juu ya ekseli ya nyuma. Kuna matrela mengine ya kuishi yanayofungwa nyuma ya bampa, na bei yake ni nafuu, lakini hayo sikuyataka. Uzito ukikaa juu ya ekseli, trela halikutikisii mkia lori likikupita kwa kasi au upepo ukilipiga ubavuni.

Na hapo kwenye uzito ndipo nilipoaibika. Miaka ishirini na miwili nimeendesha hapa malori ya ratili 80,000, basi nikaingia kwenye uwanja wa matrela kifua mbele. Pikapu nilikuwa nayo, kubwa, ya dizeli, na muuzaji akaniapia kwamba inavuta chochote kilichoegeshwa pale. Kuvuta, inavuta kweli. Kisha nikafungua mlango wa dereva nikasoma kile kibandiko ambacho nimekipita kila siku kwa miaka sita: abiria na mizigo kwa pamoja visizidi ratili 2,640, yaani kama kilo 1,200. Trela tulilokuwa tumelipenda, likijaa, ni ratili 14,500, na kingipini hutwishwa kiasi cha moja ya tano hadi robo ya hizo. Tuseme ratili 3,000. Hapo hujampandisha shemeji yako, hujanipandisha mimi na tumbo hili, na ile sahani nayo haijahesabiwa. Ningefika hivyo Mariakani, kwenye mizani ya malori, ungenicheka mpaka Mtito Andei.

Muuzaji atakuhubiria nguvu ya kuvuta kutwa nzima. Mgongo wa pikapu utabeba nini, hilo usipouliza hulisikii. Nikarudi nyumbani kimya, na wiki mbili neno trela halikutajwa mezani.

Mwishowe niliiuza pikapu ile, nikanunua ya lile daraja wanaloliita "tani moja", jina tu, maana mgongo wake unabeba zaidi, yenye matairi mawili mawili nyuma. Leseni haikunisumbua, kwa sababu hapa Texas gari na trela vikizidi ratili 26,000 kwa jumla, na trela peke yake likawa zaidi ya 10,000, leseni ya kawaida haitoshi, na yangu ni ya malori. Wastaafu wengi wanakuja kulijua hilo wakiwa wameshalipa.

Shemeji yako yeye alikuja na mizani yake. Alibeba sufuria. Wallahi, ile ya pilau, kaitia kwenye kikapu, na kila trela tulilopanda aliiweka kwanza kwenye jiko, kisha kwenye sinki. Majiko haya yana mafiga matatu yaliyobanana. Ukiweka sufuria ya watu wanane, mengine mawili umeyafunika. Sinki nyingi ziliikataa. Muuzaji mmoja akamwambia kwa upole kwamba watu wa matrela hupika vyakula vyepesi. Akamtazama tu, akaibeba sufuria yake tukateremka.

Tuliwahi kuona moja lililotumika, la mwaka 2018, bei ikatufurahisha. Nje linang'aa. Shemeji yako alipoingia chumba cha kulala akavuta pumzi mara moja akasema, "Hapa pananuka kama kanga zilizokunjwa mbichi." Nikapanda kitandani nikabonyeza ukuta kwa kidole gumba pale pembeni, chini ya dari. Ukabonyea, usirudi. Nje, upande ule ule, fibaglasi ilikuwa imefura malengelenge. Maji yalishaingia kwenye mshono wa paa zamani, na mbao za ndani zimeoza. Matairi nayo kashata zake bado nzima, lakini ubavuni yameandikwa 2218, yaani wiki ya 22 ya mwaka 2018. Tairi la trela huzeeka likiwa limesimama, wewe unajua. Hilo tuliliaga.

Kitu kingine tulijifunza kwa kuchekwa. Kuta za matrela haya husukumwa nje kama mtoto wa meza, sebule ikapata upana. Dukani huzikuta zote zimesukumwa, unaona jumba. Nikaomba zifungwe, maana njiani zinakuwa zimefungwa, na mimi nikisimama njiani nataka choo. Katika trela la kwanza kiti cha kochi kilikuja kikaziba njia, choo kikabaki upande wa pili kama Likoni bila feri. Katika la pili friji haikufunguka. La tatu shemeji yako alipita ubavu ubavu, akafungua friji, akafika chooni, akatokea na sufuria mkononi.

Ndilo tulilochagua. Lina futi 34. Yapo ya futi 42 yenye bafu mbili, lakini kambi nyingi za mbuga za taifa zilijengwa kwa matrela madogo, ukifika na la futi 42 utazunguka na kurudi. Urefu wa kwenda juu ni futi 13, kwa hiyo madaraja ya chini nitaendelea kuyaogopa kama zamani. Chini limefunikwa na hupitishwa joto ili matangi yasigande, ingawa baridi ikianza sisi tunateremka Bonde la Rio Grande, kule kusini kabisa, wanakojazana wastaafu wa kaskazini. Matangi ni matatu: maji safi, maji ya kuoga na vyombo, na la choo. La choo nimeshapangiwa mimi, sikuulizwa.

Karatasi ndizo zilizonichosha. Waranti nyingi, yaani dhamana za kiwanda, zina mstari mdogo unaosema trela si la kuishi mwaka mzima; ukiishi, imekufa. Tulikataa matrela mawili kwa mstari huo. Bima nayo tumechukua ya wanaoishi humo daima. Barua zetu zitapokewa na klabu ya watu wa matrela iliyoko Livingston, hapa hapa Texas. Na matibabu tumebaki na Medicare ya asili, bima ya afya ya serikali kwa wazee, kwa sababu ile mipango mingine ina mtandao wake wa madaktari, nami sijui mwezi wa saba nitaumwa nikiwa jimbo gani.

Tunalichukua Ijumaa. Nitalipitisha kwenye mizani ya malori siku hiyo hiyo, likiwa na maji na sufuria ndani, nikutumie picha ya risiti.

Nina ombi. Wewe ndiye uliyekuwa ukichagua maneno ya kuandika nyuma ya lori letu, na hili la kwangu liko jeupe kabisa. Mimi nilitaka "Mwenda Pole", shemeji yako anasema tutapigiwa honi kutoka hapa mpaka Minnesota. Fikiria, unitumie mawili matatu. Yawe mafupi, upande wa kulia pana ngazi ya kupandia paani.

Ni mimi,
Sahibu yako wa zamani