Kwa Vijana wa Baraza Langu Magomeni, Kabla Hamjalipa Ada

Wanangu,

Marahaba. Shikamoo zenu zote saba nimezipokea, na vipeperushi vyenu tisa navyo nimevipokea. Viko hapa mezani tangu Jumapili, nimevisoma kwa miwani na bila miwani. Jana usiku nikaona kuliko kumjibu kila mmoja kivyake pale barazani, huku mwingine anakatiza na mwingine anachungulia simu, bora niandike mara moja msome nyote. Na vijana wa mitaa mingine wakitaka kusoma, wasome, sina siri.

Mnaniuliza mkasomee wapi kazi ya kutengeneza tovuti. Nitajibu, ila kwanza niwaambie kilichonikera. Vipeperushi saba kati ya hivyo tisa vimejaa majina ya programu za kompyuta: tutakufundisha hii, na hii, na ile mpya kabisa. Hakuna hata kimoja kinachosema mwanafunzi aliyemaliza hapo mwaka jana ametengeneza nini. Mtu akija nyumbani kwako akasema yeye ni seremala, akaanza kukutajia misumeno yake mmoja mmoja, si utamuuliza kiti alichokitengeneza kiko wapi?

Habari ya misumeno ninaijua kwa sababu niliilipia. Mimi nilikuwa mpanga herufi kiwandani, enzi za herufi za risasi, vidole vyeusi mpaka unaingia kitandani. Kompyuta zilipoingia kwenye uchapaji nikazifuata, na mwaka 2004 nikasikia pesa iko kwenye tovuti za Flash. Nyie hamkuziona. Unafungua ukurasa, maandishi yanaruka, muziki unalia, geti linafunguka taratibu, na bado hujajua duka linauza nini. Nikalipa ada ya miezi sita yote kwa mkupuo. Mwezi wa pili mkufunzi akapata kazi kwingine akaondoka, mwenye chuo akatuletea kijana aliyekuwa analisoma somo usiku ili atufundishe asubuhi. Tulipodai angalau nusu ya pesa tukaambiwa tugeuze risiti. Tukageuza. Nyuma imeandikwa: ada hairudishwi.

Hilo nilishasamehe. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilichojifunza kilikuja kufa. iPhone ilitoka mwaka 2007 bila kuikubali Flash, na tarehe 31 Desemba 2020 Adobe wenyewe, kampuni yenye Flash, wakaacha kuihudumia. Kazi zangu za miaka ile leo huwezi kuzifungua kwenye simu wala kompyuta ya kawaida hivihivi. Lakini kurasa za mwanzo za Tim Berners-Lee, yule aliyebuni hizi tovuti, zile alizoandika kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia Uswisi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, nakala zake zinafunguka mpaka leo, hata kwenye simu ya mjukuu wangu iliyopasuka kioo. Zimeandikwa kwa HTML tupu. JavaScript ikafuata mwaka 1995, CSS ikaidhinishwa Desemba 1996, na hizo tatu ndizo zilizobeba karibu kila tovuti mnayoifungua: HTML inasema hiki ni kichwa cha habari, hiki ni kitufe, CSS inaupa ukurasa rangi, nafasi na mpangilio, JavaScript inaufanya uitike ukiguswa. Kozi ikizipitia hizo kwa wiki moja ili iwahi kwenye programu ya kuburuta na kudondosha vipande, mjue mnalipia msumeno.

Msije mkasema mzee anaidharau WordPress, ile programu ya kujengea tovuti bila kuandika kila kitu mwenyewe. Ipo tangu 2003, ni ya bure, na wateja wengi hapa mjini wataitaja kabla hujakaa kwenye kiti. Isomeni, lakini baada ya mifupa, yaani zile tatu. Siku mteja anakupigia simu saa tano usiku kwamba menyu imefunika bei za bidhaa zake, templeti uliyoipakua, ule ukurasa uliokuja umeshatengenezwa, haitakuambia kosa liko mstari gani.

Sasa, namna ya kuichagua kozi. Nendeni chuoni, msiishie kwenye kipeperushi. Mwombeni mwenyeji wenu anwani za tovuti tatu zilizotengenezwa na wanafunzi wao, zilizo hewani, si picha zilizobandikwa ukutani. Akikosa hata moja, mshukuruni kwa soda mwondoke. Akiwapa, msizifungulie pale ofisini kwenye kompyuta yake kubwa na intaneti yake ya kasi. Zifungueni mkiwa kwenye daladala, kwa simu ya bei ndogo, kwa bando lenu wenyewe, kwa sababu hivyo ndivyo mteja wa mteja wenu atakavyozifungua.

Niwape mfano. Kuna kijana aliyetoka kwenye kozi ya miezi mitatu akamtengenezea tovuti fundi wa makochi pale Keko. Juu ameweka picha sita kubwa zinazopishana zenyewe, zimetoka moja kwa moja kwenye kamera, kila moja megabaiti nne. Hesabuni: megabaiti ishirini na nne kabla mnunuzi hajaona bei ya kochi. Picha hizohizo angeweza kuzipunguza kila moja mpaka chini ya kilobaiti mia mbili na jicho lisione tofauti. Kwenye simu yenye kioo cha pikseli 360 kwa upana, maandishi yalitoka nje ya ukingo, ikabidi nisukume ukurasa kushoto na kulia kama mtu anayepepeta mchele. Halafu, na hili ndilo lililonimaliza, namba ya simu ya fundi ilikuwa ndani ya picha. Huwezi kuibonyeza ikapiga, huwezi kuinakili, lazima utafute kalamu. Tovuti nzima ilitengenezwa ili fundi apigiwe simu.

Kijana yule si mjinga. Rangi zake zilikuwa nzuri kuliko zangu. Alifundishwa kupamba, hakufundishwa kumfikiria mtu wa upande wa pili, na waliomfundisha walimpa cheti chenye muhuri wa dhahabu.

Angalieni pia kama herufi zinasomeka juani. Siku hizi kuna fasheni ya maandishi ya kijivu juu ya weupe, na wazee wenye mtoto wa jicho tunabaki kubahatisha. Upo mwongozo wa dunia nzima wa kufanya tovuti zifikike na watu wote, wenye ulemavu wakiwemo, unaitwa WCAG, na unataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1. Mwulizeni mkufunzi kuhusu WCAG. Akikunja uso, mmeshapata jibu.

Na kuna jaribio langu moja ambalo wengi hawalijui. Kila ukurasa una sehemu, juu kabisa ya HTML, inayotaja lugha ya ukurasa huo. Kiswahili alama yake ni sw. Fungueni kwenye kompyuta ukurasa wa mwanafunzi ulioandikwa Kiswahili, tazameni chanzo chake, yaani ile HTML iliyoandikwa ndani. Mara nyingi mtakuta en, Kiingereza, kwa sababu templeti ilikuja hivyo na hakuna aliyejisumbua. Asiyeona, anayetegemea simu imsomee kwa sauti, anaweza kusomewa Kiswahili chetu kwa matamshi ya Kizungu. Ni herufi mbili tu, ila zinaonyesha kama darasa lile linafungua boneti au linapaka rangi bodi.

Kuhusu muda, kipeperushi cha kijani kinasema wiki sita na ajira ya uhakika. Ajira mwachieni Mungu na juhudi, hesabuni saa. Siku tatu kwa wiki, saa mbili kila siku, wiki sita: saa thelathini na sita. freeCodeCamp, shule ya bure ya mtandaoni iliyoanza mwaka 2014, cheti chake cha ubunifu wa tovuti kimekuwa kikikadiriwa kuchukua saa 300 hivi. Kozi ya wiki sita inaweza kukufungulia mlango, sikatai. Ada ya kufunguliwa mlango isilingane na ada ya nyumba.

Mwanangu mmoja hapa alisema, basi si tusome bure tu mtandaoni? Inawezekana. Wapo waliofanya hivyo, na maelezo ya MDN, tovuti ya bure inayoeleza HTML, CSS na JavaScript, ni bora kuliko vitini vingi ninavyoviona vikitolewa kopi mitaani. Shida yake ni mbili. Ya kwanza ni Kiingereza, na hapa msione haya: tafuteni mkufunzi anayefundisha kwa Kiswahili jambo gumu mpaka likaeleweka, majina ya Kiingereza yatajikariri yenyewe. Ya pili ni kwamba peke yako hakuna wa kukuambia kazi yako mbaya. Mimi nikilipia kozi leo, nitalipia jicho la mtu anayekaa na kazi yangu na kuikosoa mstari kwa mstari. Kwa hiyo ulizeni darasa lina wanafunzi wangapi, na kazi zinasahihishwa na nani.

Mnaotaka cheti kitakachowafikisha kwenye ajira ya serikali au chuo kikuu baadaye, njia yenu ni nyingine. Hakikisheni chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, na kozi yenyewe iwe ndani ya ngazi zao: ya 4 ni astashahada ya awali, ya 5 astashahada, ya 6 stashahada. Chuo kuwa na usajili wa ushonaji hakukipi usajili wa kompyuta, msikubali kuonyeshwa karatasi ya ukutani kwa mbali. Shahada ni mambo ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Hapa jijini kuna DIT, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, kuna ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kule Kijitonyama, na VETA ina mafunzo ya ufundi stadi. Huko mtasoma mengi zaidi ya tovuti, hisabati ikiwemo, na wawili kati yenu ninawajua hamtaipenda. Wengine watano sijui kwa nini mnaogopa.

Mengine ni ya kuuliza mkiwa mlangoni. Kompyuta moja wanakalia wangapi? Umeme ukikatika kuna jenereta au darasa limevunjika? Ada inalipwa kwa awamu? Mkufunzi akiondoka inakuwaje, na hilo limeandikwa wapi? (Geuzeni risiti.) Anayewaza kozi ya jioni Mbagala apige hesabu ya foleni na nauli, maana nimeona watu wakiacha masomo kwa ajili ya nauli, ada wameshamaliza.

Ulizeni pia kama wanafundisha kuongea na mteja. Namna ya kuandika makubaliano, kuchukua advansi, kukataa kazi. Namna ya kumsajilia mteja anwani yake ya .co.tz kwa jina lake yeye, si lako. Nimeshuhudia mafundi wakigombana na waliowatengenezea, tovuti imekamatwa kama kuku wa jirani, kwa sababu siku ya kwanza hakuna aliyeuliza anwani ni ya nani.

Na lile la akili mnemba mlilolibishania mpaka chai ikapoa. Ni kweli inatoa ukurasa mzima kwa dakika moja. Niliijaribu kwa simu ya mjukuu, nikaiambia initengenezee ukurasa wa duka la vitenge. Ulipendeza, na ulikuwa na kitufe cha kulipa ambacho hakikuunganishwa na malipo yoyote. Asiyejua kusoma kilichoandikwa ndani angemkabidhi mteja hivyohivyo. Kozi inayowakataza kuitumia imepitwa, na kozi inayowaachia iwafanyie kila kitu haina haja ya kuwatoza ada.

Vipeperushi nimevigawa mafungu mawili. Kile cha kijani na viwili vya rangi ya chungwa nimefungia maandazi, samahanini. Sita vilivyobaki kila mmoja achukue kimoja, wa saba aambatane na mwenzake, mwende wiki hii mkaulize niliyowaandikia. Jumapili mje na anwani za tovuti za wanafunzi wao, tatu kwa kila chuo. Mjukuu ataacha simu yake yenye kioo kilichopasuka, tutazifungua moja moja. Bando nitaweka mimi, maandazi atapika bibi yenu. Ila atakayechelewa asinilaumu akikuta sahani tupu.

Wenu,
Babu wa barazani, Magomeni