Kituruki tufundishwe kwa kuanzia na Kiswahili

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu hawa wanaokimbia Kituruki eti maneno yake yana mikia mirefu. Mimi nilianza kwa majedwali ya Kiingereza, hali sita za nomino (yaani maumbo ya jina kulingana na kazi yake kwenye sentensi) nikazikariri usiku na mchana na bado sentensi ikawa hainitoki, mpaka nilipoanza kuisikiliza lugha yenyewe kwa sikio la Kiswahili.

Ev ni nyumba. Evde ni nyumbani, hiyo -de ni -ni yetu kabisa na inakaa mwishoni vilevile. Ila sisi -ni moja inatutosha, niko nyumbani, naenda nyumbani, natoka nyumbani, kitenzi ndo kinamaliza kazi, wao wanabadilisha mwisho wa jina: evde, eve, evden. Na umiliki je, sisi si tunasema mamangu, babako, mwenzio? Kwao annem, baban, tena wanafanya hivyo kwa kila kitu, evim nyumba yangu, kitabım kitabu changu (kitap ni kitabu kilekile tulichochota wote kwa Waarabu, p inageuka b ikifuatwa na irabu).

Panapobana ni vikiungana. Umiliki unatangulia, mahali panafuata: ev-im-de, nyumbani kwangu. Niliwahi kumwandikia rafiki evindeyim badala ya evimdeyim (niko nyumbani kwangu, -yim ni mimi niko), m ikawa n, akaelewa nimeshafika kwake, akatoka nje kunitafuta. Na evinde hiyohiyo inaweza kuwa nyumbani kwako au kwake, utajua kwa maneno yaliyo jirani tu, hapo hakuna njia ya mkato.

Kilichonifurahisha zaidi ni -i ya mtendwa. Ev aldım, nilinunua nyumba. Evi aldım, niliinunua ile nyumba, ile tunayoijua. Yaani kazi tunayoipa -i- ndani ya kitenzi wao wameipa mwisho wa jina, na hili jedwali la Kiingereza halikunionyesha hata siku moja, kwa sababu Kiingereza chenyewe hakina kitu hicho kwenye kitenzi!

Kwa hiyo mhariri, kama ukurasa wenu wa lugha utagusa Kituruki, nawasihi waandishi waanze na nyumbani na mamangu, majedwali yaje baadaye.

Msomaji wenu