Picha za wadudu na maua zichapishwe zikiwa na kipimo, mahali na tarehe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie picha zinazoambatana na makala za kilimo na mazingira, hasa zile zinazoonyesha viumbe na vitu vidogo: wadudu na mayai yao, maua, mbegu, majani yaliyoshikwa na ugonjwa. Makala zenyewe huwa zimeandikwa kwa uangalifu, na sisi tulioko Kasese, ambako Kiswahili hutukutanisha sokoni na majirani zetu wa upande wa Kongo, tunazisoma na kuzijadili. Kinachonisumbua ni picha. Nyingi zinaonekana kuchukuliwa kwenye intaneti, hazielezi zilipigwa wapi wala lini, na msomaji hawezi kujua kama mdudu anayemtazama ana urefu wa milimita 5 au wa sentimita 5. Ombi langu ni kwamba picha hizo za karibu, ambazo wapigapicha huziita za makro, zipigwe hapa hapa Uganda kila inapowezekana, na zichapishwe zikiwa na mstari wa kipimo, jina la wilaya na tarehe.

Huenda jambo hili likaonekana dogo kwa gazeti lenye habari nzito za kila siku, lakini mkulima hufanya uamuzi kwa kutazama picha. Mfano ni kiwavijeshi vamizi, mdudu wa asili ya Amerika aliyethibitishwa barani Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na ambaye haukupita muda mrefu akawa kwenye mahindi yetu. Alama zake zinajulikana: kichwani ana mistari iliyofifia yenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa kwa umbo la mraba. Shambani mtu huziona kwa shida, hasa kiwavi akiwa bado mchanga, ila katika picha ya karibu iliyopigwa vizuri hazifichiki. Sasa, katika makala moja ya msimu uliopita, picha iliyowekwa ilikuwa ya kiwavi asiye na madoa hayo. Kwa jinsi nilivyomtazama, alikuwa yule kiwavijeshi wa Afrika tuliyemzoea tangu zamani, mweusi mwenye mistari, ambaye hutembea kwa makundi makubwa na kufyeka nyasi na nafaka. Tabia za wawili hawa hazilingani. Mkulima aliyeiamini picha ile atakuwa akitafuta kundi linalotembea, huku adui yake amejificha ndani kabisa ya majani machanga yaliyojikunja katikati ya mmea, mahali ambapo dawa inayonyunyizwa juu juu haimfikii.

Huku kwetu kwenye miteremko ya Rwenzori tunalima kahawa ya arabika, na mdudu ambaye ningependa kumwona gazetini akiwa amepigwa picha kwa haki ni kunguni wa kahawa, ambaye wataalamu humwita antestia. Ana urefu wa milimita 7 hivi, mwili wake una umbo la ngao, na rangi zake za kahawia, chungwa na nyeupe zinapendeza kuliko anavyostahili. Hufyonza tunda likiwa changa, na buni inayotokana na tunda hilo huweza kutoa kinywaji chenye ladha ya kiazi kibichi, kasoro ambayo wanunuzi wanaifahamu sana kutoka Rwanda na Burundi na ambayo huku kwetu pia haikosekani. Hutaga mayai yake kwenye majani, kwa kawaida 12 hivi yakiwa yamekaa pamoja. Wapo pia nyigu wadogo mno ambao hutaga mayai yao ndani ya mayai ya kunguni huyu na kuyaua kabla hayajaanguliwa, nayo mayai yaliyoingiliwa hivyo hubadilika rangi na kuwa ya giza. Mkulima anayeyaona huyaponda yote bila kuuliza, na katika kufanya hivyo huwaua walinzi wake pamoja na adui zake. Picha mbili zilizowekwa bega kwa bega, moja ya mayai meupe mazima na nyingine ya mayai yaliyoingiwa na nyigu, zingemfundisha kwa dakika moja jambo ambalo aya tano za maelezo hazimfundishi. Hali ni hiyo hiyo kwa lava wa yule mbawakawa mwekundu mwenye madoa meusi, ambaye hafanani hata kidogo na wazazi wake: ni mrefu, mweusi, ana miguu sita na mgongo wenye vinundu, kama mamba aliyesahau kukua. Watu humwua wakidhani ndiye anayeharibu maharagwe, kumbe alikuwa akila vidukari.

Ua la vanila linadai picha ya karibu kuliko mdudu yeyote niliyemtaja. Mmea huu asili yake ni Meksiko, na wachavushaji wake wa huko hawako Afrika. Kwa hiyo kila podo la vanila linalouzwa kutoka Kasese, Bundibugyo au Mukono limetokana na mkono wa mtu aliyechavusha ua moja moja. Njia tunayoitumia iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, mtoto mtumwa aliyekuwa na umri wa miaka 12. Kati ya sehemu ya ua yenye chavua na sehemu inayoipokea pana kijingozi chembamba kinachozitenga. Mchavushaji hulichana ua kwa kijiti, hukiinua kijingozi hicho, kisha huzikandamiza sehemu hizo mbili zikutane kwa kidole gumba. Mambo yote hayo hufanyika ndani ya eneo la milimita chache, na ua lililofunguka asubuhi hunyauka siku hiyo hiyo. Atakayekosea hatarudishiwa ua hilo, na atakayefanikiwa atangoja takriban miezi tisa kabla podo halijakomaa. Nimesoma maelekezo mengi ya kazi hii, mengine yakiwa yameandikwa kwa ufundi, na bado naamini kwamba mtu asiyewahi kukiona kijingozi kile kikiwa kimekuzwa hadi kujaa ukurasa hawezi kuyaelewa maelekezo hayo. Michoro iliyopo vitabuni husaidia, ila mchoraji huweka mstari mweusi mahali ambapo ua lenyewe lina weupe wa krimu juu ya weupe wa krimu, na hapo ndipo mwanafunzi hupotea.

Nchi yetu imezoea kupigwa picha za wanyama wakubwa: gorila wa Bwindi, simba wa Ishasha wapandao miti, tembo wa mbuga iliyo karibu na kwangu. Sina ugomvi na wanyama hao, na fedha wanazotuletea tunazihitaji. Lakini hata Papilio antimachus, kipepeo mkubwa kuliko wote barani Afrika, ambaye mabawa yake yakitandazwa huweza kuzidi sentimita 20 na ambaye anaishi katika misitu yetu, sijawahi kumwona gazetini; makala ya vipepeo niliyoisoma mwisho ilipambwa na kipepeo wa Amerika ya Kaskazini.

Najua wapigapicha wako wanaweza kujibu kwamba kazi hii ni ngumu na vifaa vyake ni ghali. Ugumu upo. Lenzi ya makro ya kweli humwonyesha mdudu kwenye sensa ya kamera, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, kwa ukubwa wake halisi, yaani kunguni wa milimita 7 hukaa kwenye milimita 7 za sensa ambayo, katika kamera kubwa, ina upana wa milimita 36. Lakini katika ukaribu huo, hata tundu la lenzi likibanwa hadi f/8 (kadiri namba hii inavyokuwa kubwa, ndivyo tundu linavyokuwa dogo), sehemu inayotoka wazi haizidi unene wa milimita 1 hivi. Jicho likitoka wazi, mguu unafifia. Ukibana hadi f/16 unapata karibu mara mbili ya unene huo, ila mwanga unazidi kupungua, na ikumbukwe kwamba kule kukaribia tu kumekwisha kupunguza mwanga hadi robo ya ule wa kawaida. Upepo ukilitikisa jani, picha imeharibika. Wapo wanaopiga picha nyingi, kila moja ikiwa imelengwa mbele kidogo ya ile iliyotangulia, kisha wakaziunganisha kwa programu ya kompyuta ili mdudu aonekane wazi kutoka kichwani hadi mkiani. Njia hiyo humtaka mdudu aliyetulia na mpigapicha asiye na haraka ya kurudi ofisini.

Gharama, kwa upande mwingine, isiwe kisingizio. Pete tupu zisizo na kioo, zinazowekwa kati ya kamera na lenzi, huiwezesha lenzi ya kawaida kulenga kitu kilicho karibu sana. Lenzi ya zamani ya milimita 50 iliyogeuzwa nyuma mbele na kushikizwa kwa pete maalumu hufanya kazi ya ajabu. Na kilenzi kidogo cha kubana kwenye simu kinatosha kuyaonyesha madoa manne ya kiwavijeshi. Flashi ikifunikwa kwa karatasi nyeupe au kitambaa chepesi huondoa ule mng'ao mkali unaoharibu picha za mbawakawa. Tena sisi wa milimani tuna faida ya alfajiri zenye baridi: saa kumi na mbili hadi saa mbili hivi asubuhi wadudu wengi bado hawana nguvu ya kuruka, upepo haujaamka, na mtu anaweza kupiga picha zake zote bila kumgusa mdudu wala kulichuma ua.

Neno hilo la kutogusa naomba lizingatiwe, kwa sababu wapo wapigapicha wanaomgandisha mdudu kwenye jokofu, wanaombandika kwa gundi au kumfunga kwa uzi ili akae mkao wa kupendeza. Zile picha zinazosambaa mitandaoni za chura akimpanda mbawakawa mgongoni zinatia shaka kubwa, na gazeti linalozichapisha katika ukurasa wa mazingira linawafundisha watoto uongo kuhusu tabia za wanyama. Mdudu akiwa ameuawa kwa ajili ya utafiti hapana ubaya kumpiga picha, mradi maelezo yaliyo chini yaseme wazi kwamba amekufa.

Kuhusu kipimo, maneno "amekuzwa mara kumi" hayasaidii. Picha hiyo hiyo hupunguzwa ili ienee kwenye safu moja ya gazeti, au hupanuliwa kwenye kompyuta ya msomaji, na papo hapo hiyo mara kumi inakuwa si kweli tena. Mstari mfupi ulioandikwa "milimita 5" na kuchorwa ndani ya picha yenyewe hupungua na kuongezeka pamoja na mdudu, kwa hiyo haudanganyi hata picha ikichapishwa wapi. Namna rahisi ya kuupata ni kuiweka rula pembeni mwa jani na kupiga picha ya pili bila kusogeza kamera wala kubadili kulenga. Naomba pia picha ya namna hii ipewe nafasi, kwani karatasi ya gazeti hufyonza wino na kuvimeza vitu vidogo. Picha moja yenye upana wa safu tatu ina faida kuliko nne zilizosongamana. Na ikiwa ukurasa hauna rangi, kunguni wa kahawa asiwekwe hapo, maana bila rangi zake anafanana na kunguni wengine wengi wasio na hatia.

Sisemi kwamba picha inatosha kwa kila jambo. Nzi wa matunda wa aina fulani, na nyigu wengi wa wale wadogo, hawatambuliki ila chini ya hadubini, na ndiyo maana mikusanyo ya wadudu kama ule wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Kawanda bado inahitajika na inastahili kutunzwa. Mahali napo patajwe kwa busara. Kwa mdudu wa shambani jina la wilaya, na hata la tarafa, lina manufaa, kwa sababu afisa wa kilimo akiliona anajua mdudu amefika wapi na mwezi gani; kwa okidi adimu ya msituni hata jina la kijiji lisiandikwe, kwani wapo wanaozing'oa na kuziuza.

Mimi ninazo picha za kunguni wa kahawa na mayai yake, pamoja na za ua la vanila likichavushwa hatua kwa hatua, zote zikiwa zimepigwa katika wilaya hii na tarehe zake zimeandikwa. Gazeti lako linaweza kuzitumia bila malipo, kwa sharti moja tu: atakayezipunguza ili zienee ukurasani asiikate rula.

Wako,
Mwalimu wa Baiolojia na mkulima wa kahawa,
Kasese