Wabunge, angalieni pia mlango wa kutokea

Kwako Mhariri,

Tangu Oktoba 30, 2025, Mahakama ya Ajira na Leba ilipoamua kwamba kuandika polisi kazi ni jukumu la Inspekta Jenerali wala si la Tume ya Huduma ya Polisi, kila mtu kwenye kibanda chetu cha chai amegeuka wakili. Huyu anasoma Kifungu cha 246 cha Katiba kinachoitaja Tume, yule anamjibu kwa cha 245 kinachompa Inspekta Jenerali amri juu ya kikosi. Mimi nilivaa sare miaka 33, nikastaafu nikiwa sajini. Huwa nawaacha wamalize, kisha nauliza: na anayetoka, kifungu chake ni kipi? Hapo husikii ila vijiko.

Sisemi kuingia ni jambo dogo. Wa rika langu hawajasahau 2014, Mahakama Kuu ilipofuta usajili wa makurutu 10,000 baada ya IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, kushtaki kwamba zoezi lilijaa hongo. Baada ya shambulio la Garissa, Aprili 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru hao hao waripoti mafunzoni. Mwezi uliofuata Mahakama ya Rufaa ikasema hukumu ya kwanza ilikuwa sawa. Kijana ambaye babake ameuza ng'ombe ili jina la mwanawe lisomwe uwanjani huanza kazi na deni. Na deni hilo halilipwi na babake. Hulipwa na dereva wa matatu, noti ikiwa imekunjwa ndani ya leseni.

Mafunzo nitayapitia haraka. Katiba inataka polisi afunzwe umahiri, uadilifu na kuheshimu haki za binadamu. Kwenye depo ya Kiganjo, chuo cha polisi, ninakumbuka baridi ya alfajiri, gwaride, bunduki na vifungu vya sheria tulivyovikariri kama aya. Hakuna aliyenionyesha namna ya kusoma hati yangu ya mshahara. Nilikuja kujua nikiwa nimebakiza mwaka mmoja kwamba pensheni yetu huchukua mshahara wa msingi wa mwisho, ukazidishwa kwa miezi ya kazi, ukagawanywa kwa 480. Wa msingi tu. Posho ya nyumba na nyinginezo, ambazo ndizo zilizokuwa zikilisha watoto, hazimo.

Sasa nieleze nilivyotoka. Wiki ya mwisho nilipeleka vifaa stoo: kofia, buti, firimbi, koti la mvua, mablanketi. Karani alifungua daftari, akateremsha kidole mstari kwa mstari, akasimama.

"Afande, kuna mkanda mmoja wa turubai hapa. Ulipewa 1994."

Mkanda ule ulibaki ndani ya gari lililopinduka tukifuata wezi wa mifugo. Hakutaka hadithi. Alitaka mkanda au risiti. Nikalipa, nikapewa cheti cha kuondoka, faili langu likaenda Nairobi, na Nairobi ikalimeza miezi 14. Mara barua yangu ya kwanza ya kazi haionekani. Nikapeleka nakala. Mara tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho hailingani na ya kwenye faili. Kila "njoo wiki ijayo" ni nauli ya basi kutoka Kilifi kwenda na kurudi, na ni mtu asiye na mshahara wala pensheni anayeilipa. Laini, yaani kwenye nyumba za polisi, walikuwa wanataka chumba chao. Mke wangu ana kisukari, na bima ya matibabu ilikoma siku ile ile mshahara ulipokoma.

Wenzangu waliobaki kazini waliyaona hayo. Askari aliyebakiza miaka mitatu akiona sajini wake wa jana anakopa unga dukani, anaanza kujitafutia mapema. Wanaouliza kwa nini vizuizi vya barabarani haviishi hongo waanzie hapo.

Najua vijana wa leo wako kwenye mpango mwingine wa pensheni, ule wa kuchangia ulioanza Januari 1, 2021. Askari anakatwa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi, serikali inaongeza 15. Wanajeshi wa KDF hawakuingizwa, na polisi wengi wanataka nao watolewe, maana nao hubeba bunduki. Nawaelewa, ila sioni ubaya wa hesabu yenyewe: sheria yake inadai hata bima ya maisha isiyopungua mara 5 ya mshahara wa mwaka, na mjane wa askari wa zama zetu angeishangaa. Ninachohofia ni karani yule yule na daftari lile lile.

Kwa hivyo naomba Kamati ya Bunge ya Utawala na Usalama wa Ndani, ikifungua sheria ya polisi ili kumaliza ugomvi wa nani aajiri, iongeze kifungu kimoja. Faili la anayestaafu lianze kuandaliwa miezi 12 kabla. Mshahara wake usisimamishwe, wala asitolewe laini, wala bima isikatwe, mpaka malipo ya kwanza yaingie benki. Serikali ikichelewesha, ilipe riba. Hazina ikianza kulipa mishahara ya watu waliokwisha kwenda nyumbani, hilo faili litapatikana haraka sana.

Mpwa wangu alikimbia uwanjani Novemba 17, 2025, akachukuliwa, na hatukutoa hata kuku. Aliponipigia simu kuuliza abebe nini Kiganjo, nilimwambia: sabuni, sweta mbili, na daftari lake mwenyewe la kuandika kila kifaa atakachopewa stoo, pamoja na tarehe.

Sajini mstaafu,
Kilifi