Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Behewa la Kulala, Paa, na Fedha za Rangi

Ndugu wanachama,

Katiba ya chama chetu cha kutunza behewa la zamani la reli inanitaka nilete taarifa kila mwaka, nami naileta. Mengi mnayajua, nitayapita haraka. Kamati ilikutana mara sita. Siku ya wazi ilifanyika. Shule mbili zilitutembelea. Wigo wa upande wa njia kuu umesimamishwa upya, na mataruma manne ya mbao yaliyoliwa na mchwa chini ya bogi ya nyuma, yaani fremu ya magurudumu, yamebadilishwa. Wenzetu wawili wametutangulia mbele ya haki, tuliwasindikiza kama ilivyo desturi. Mashine ya kukata nyasi iliharibika, ikatengenezwa, ikaharibika tena.

Ziara ya Makumbusho ya Reli ya Nairobi pia ilifanyika, tukaenda watu tisa kwenye basi la viti ishirini na tisa lililokwisha kulipiwa. Kule wote tisa walisongamana kwenye lile behewa ambamo simba alimkamata Ryall, afisa wa polisi wa reli, pale Kima mwaka 1900. Tangu ziara hiyo naulizwa kwa nini letu halivuti watu vile. Jibu ni kwamba letu halina simba. Lina vyumba saba vya daraja la pili, vitanda ishirini na vinane, na historia ya watu waliolala Nairobi wakaamkia pwani. Hiyo nayo ni historia, ila inahitaji kuelezwa, na haiwezi kuelezwa ndani ya behewa linalovuja.

Na hapo ndipo penye neno.

Limesemwa kwenye kundi letu la simu, limesemwa kwenye matanga, na nimeambiwa limesemwa hata kwenye harusi moja, kwamba mwenyekiti "amekula pesa ya rangi". Wanachama na wafadhili walichanga Sh 290,000, mwaka umekwisha, na behewa bado limesimama na rangi ya msingi nyekundu kama kontena la bandarini. Sikatai kwamba halipendezi. Nakataa kwamba fedha zimepotea. Zimo juu ya paa, na mwenye shaka ngazi ipo, apande aone.

Kumbukumbu za mkutano uliopita zinasema mchango ule ni wa "ukarabati wa nje na upakaji rangi". Paa liko nje. Nimeliuliza swali hilo kwa wajumbe wawili waliolalamika sana, na hakuna aliyeniambia paa liko wapi kama si nje.

Nieleze sababu, maana wengi hawakuwepo siku tulipoipata. Behewa letu ni la kabla ya 1948, mwaka Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilipoundwa. Pande zake ni bati la chuma juu ya fremu ya chuma. Paa ni la mbao za kuumana, ulimi ndani ya mfereji, lililofunikwa turubai la pamba na kupakwa rangi. Turubai la namna hiyo halidumu kama halipakwi rangi kila baada ya miaka michache, na letu limekaa kwenye jua na mvua bila mwenyewe kwa muda mrefu.

Jumamosi ya pili ya Februari tulilipima kwa maji. Haumwagi maji ovyo. Unaanza chini, kwenye mfereji wa pembeni, ndoo moja polepole, unangoja dakika tano, ndipo unapanda nusu mita. Mwenzio yuko ndani na tochi na chaki, anaweka alama kila tone linapotokea. Ukianzia juu, maji yanateremka yote kwa pamoja na hutajua yaliingilia wapi. Tulipata mahali kumi na nne. Tisa palikuwa kwenye vitoa hewa vya paani, pale turubai lilipokatwa kuzunguka shingo ya kila kimoja na puti ikakauka na kupasuka. Patatu palikuwa kwenye mshono, pawili kwenye kona ya upande wa choo.

Ajabu ni kwamba ndani hukuona tone hata moja likianguka sakafuni. Maji yalikuwa yanashuka nyuma ya mbao za ukuta, yanaingia kwenye mfuko ambamo kioo cha dirisha hushukia, na kutua chini kabisa ya bati. Kila mfuko una matundu mawili ya kutolea maji, kila moja la ukubwa wa kidole cha mwisho. Yote yalikuwa yamezibwa na vumbi na tabaka za rangi. Kwa hiyo ukuta wa behewa ulikuwa sufuria. Bati liliozea kutoka ndani kuja nje, sentimita ishirini hadi ishirini na tano za chini, chini ya madirisha kumi na moja. Nilipogonga kwa nyundo ndogo chini ya dirisha la chumba cha nne, nyundo ilipita upande wa pili.

Sasa niambieni ningepaka nini hapo. Kamati iliyotutangulia, na naisema kwa heshima, ilipaka behewa hili vizuri sana kwa ajili ya sherehe. Picha zilipigwa. Baada ya msimu mmoja wa masika rangi ilifanya malengelenge, ukilipasua moja linatoa maji ya kahawia. Kutu haizuiwi na rangi iliyowekwa juu yake, kwa sababu unyevu unatoka nyuma ya bati. Tungeweka Sh 290,000 juu ya sufuria ile ile.

Kuna waliosema tupigilie mabati ya kawaida juu, gharama robo. Mabati yana misumari, kila msumari ni tundu jipya kwenye mbao za asili. Usiku yanapoa, jasho linadondoka juu ya dari, na vitoa hewa vinafunikwa. Hapo hatuna behewa la makumbusho, tuna kibanda chenye magurudumu. Wengine walisema turubai la lori, lile la plastiki. Rangi ya mafuta haishiki juu yake, na mbao chini yake hazipumui. Nimeyajibu haya mara nyingi kwa mdomo, sasa nimeyaandika.

Tulichofanya ni hiki. Turubai kuukuu liling'olewa lote likiwa limelowanishwa, kwa sababu rangi zake za zamani zina madini ya risasi na vumbi lake ni sumu. Barakoa za vichujio zilivaliwa, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa chai kabla ya kunawa hadi kwenye kiwiko. Mbao ishirini na mbili zilizooza zilibadilishwa. Matundu ya misumari yalizibwa kwa puti, mbao zikapigwa msasa. Turubai jipya la pamba lilishonwa kipande kimoja na mshona mahema, urefu mita 19, upana mita 3.6, mishono ikiwa ya kukunja mara mbili. Niseme wazi kwamba ni mimi niliyezunguka siku tatu kulitafuta turubai lisilochanganywa na nailoni, kwa nauli yangu.

Paa lilipakwa rangi nzito ya mafuta, na turubai likatandikwa rangi ikiwa bado mbichi, ili liinywe kutoka chini. Lilianza kufungwa katikati ya urefu kwenda kwenye ncha zote mbili, siyo ncha moja kwenda nyingine, la sivyo mikunjo yote inakusanyika mwisho. Ncha zilivutwa kwa ubao na winchi ya mkono. Pembeni tumepiga misumari ya shaba nyekundu kila sentimita 2.5, karibu misumari 1,700. Misumari ya chuma ni rahisi, lakini ikipata kutu inakata uzi wa turubai kama wembe, na ndivyo lile la zamani lilivyoachia.

Dosari ilikuwepo, siifichi. Saa tisa alasiri mvua ilitushika kabla ya rangi ya juu. Tulifunika kwa nailoni, kona moja ikabaki wazi. Pamba ikilowa hujikaza. Asubuhi tulikuta misumari thelathini na moja imeng'oka. Tulingoja ikauke siku nne, tukaivuta na kuipigilia upya, na ukiangalia kona ile kwa karibu utaona kamkunjo. Kamkunjo hakavuji. Baada ya hapo zilipakwa tabaka tatu za rangi, ya kwanza nyepesi ili ipenye, mbili nzito. Masika yote yamepita na chaki haijaweka alama hata moja.

Bati la chini lilikatwa na kuwekwa jipya la milimita 2. Fundi wa kwanza alichomelea mfululizo kutoka dirisha hadi dirisha, bati likapata moto na kupinda kama mgongo wa samaki. Ilibidi kipande kile kitolewe. Wa pili alichomelea sentimita tatu, akaruka ishirini, akarudi baada ya kupoa. Kazi ikawa polepole na iliyonyooka. Matundu ya maji yote yamezibuliwa, tena tumeyapanua kidogo. Rangi ya msingi ilipigwa kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana tu, umande ukiwa umekwisha kwenye chuma.

Kuna jambo jingine ambalo haraka ya rangi ingelifuta. Karibu na mlango wa mbele tulipiga msasa wa maji kwenye eneo la ukubwa wa sahani, namba 240, kisha 400, kisha 800, tukishuka tabaka kwa tabaka hadi kwenye bati. Zilionekana tabaka tisa, na chini ya ya sita ikatokea ncha ya herufi. Tulipofuata polepole tukapata K.U.R., Reli ya Kenya na Uganda, jina lililotumika kuanzia 1926. Waliotaka tuingie na grenda siku ya kwanza watafakari hapo. Eneo hilo tumelipaka vanishi na litabaki wazi.

Ndani hatukufanya mengi. Vitanda vya juu vya vyumba vitatu vinakunjuka na kufungwa kwa ufunguo wa mraba kama zamani. Mikanda ya ngozi imeshonwa upya. Luva (vibao vya kuzuia jua) za madirisha mawili zinapanda na kushuka, nyingine zimekwama kwa rangi. Vitasa vya shaba vya njano, kumi na vitatu, viliibwa kabla ya behewa kuja kwetu, na wanaouza vya kuiga wanataka bei ya vya dhahabu. Chumba cha saba kamati iliamua kisiguswe, na majina yaliyokwaruzwa kwa visu ukutani yabaki. Najua wapo wanaoita huo uchafu.

Fedha. Tulianza na Sh 318,500. Ada zilizoingia ni Sh 146,400, mchango wa ukarabati Sh 290,000, jumla Sh 754,900. Paa limekula Sh 342,000, bati na kuchomelea Sh 127,000, ulinzi, usafiri, chai na mengineyo Sh 96,000. Zimebaki Sh 189,900. Mhasibu ana risiti. Walioniuliza "mengineyo" ni nini waje waangalie, sehemu kubwa ni betri za mlinzi na lile basi la Nairobi.

Makadirio ya rangi ni Sh 280,000. Daftari lina wanachama 212, ada ni Sh 2,400 kwa mwaka, na waliolipa ni 61. Wanaodaiwa ni 151, sawa na Sh 362,400. Sihitaji kuwafanyia hesabu. Wengi wa wanaoulizia rangi majina yao yamo kwenye hao 151, nami nina orodha, ila kamati imenishauri nisiisome leo.

Mahudhurio ya Jumamosi za kazi yamekuwa ya kusikitisha. Jumamosi kumi na moja, wastani watu saba, na kati ya hao saba wanne ni wazee wa reli waliostaafu, wenye magoti mabovu. Siku tuliyotangaza nyama choma walikuja 48. Nyama iliisha saa nane, na watu nao.

Kuhusu mwaka ujao, tunatumaini Mungu akipenda rangi ya juu itapigwa baada ya vuli. Tunatarajia pia taa, na maandishi ya kuelezea, yakiwemo maelezo ya wazi ya nani aliruhusiwa kulala daraja gani enzi za ukoloni, maana wageni huuliza na sisi humung'unya maneno. Limezungumzwa pia suala la behewa la chakula. Tutaona.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunaanza luva za upande wa mashariki. Atakayekuja alete glovu na brashi ya waya. Ufunguo wa mraba uko kwangu, na ule wa pili aliyeuchukua siku ya wazi aurudishe, hataulizwa.

Mwenyekiti