Barua ya wazi kwa vijana mnaofungua nyumba za kuchapisha vitabu

Wanangu,

Majalada yenu yanapendeza, hilo silibishi. Ila nikiulizia kitabu chenu nikiwa nje ya Nairobi au Dar es Salaam, naambiwa "tuma ujumbe, tutaona". Ndiyo maana nawakumbusha habari za East African Literature Bureau, shirika la zamani la kuchapisha na kusambaza vitabu Afrika Mashariki.

Ilianzishwa mwaka 1948, enzi za ukoloni, kwa hiyo msiitukuze kupita kiasi. Wakubwa wake ndio walioamua Mwafrika asome nini. Lakini mkurugenzi wake wa kwanza, Charles Richards, alitokea kwenye duka la vitabu la misheni, na mwuza duka anajua kitabu kisiposafiri hakina maana. Makao makuu yalikuwa Nairobi, matawi Kampala na Dar es Salaam. Walitoa vitabu kwa Kiswahili, Kiganda, Kikuyu na lugha nyingine. Mimi hunivutia zaidi ile kazi yao ya maktaba: masanduku ya vitabu yalipelekwa mikoani, yakisomwa yanabadilishwa. Aliyekaa mbali na sanduku aliazima kwa posta. Akishamaliza kusoma, anafunga kifurushi na kukirudisha. Miaka ya 60 kazi hiyo ikachukuliwa na bodi za maktaba za kila nchi.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikiliendesha shirika hilo, ilivunjika, na nyumba hiyo nayo ikaenda na maji. Kenya ikabaki na Kenya Literature Bureau, iliyopewa sheria yake mwaka 1980, na inayojulikana hasa kwa vitabu vya shule. Siwalaumu, kiada ndiyo inayolipa mishahara.

Nanyi msikae kungojea zabuni ya wizara peke yake. Mtaala ukibadilika, mtabaki na ghala la karatasi. Na kwenye mikataba andikeni waziwazi: nyumba ikifungwa, au kitabu kikikaa miaka bila kuchapwa, haki zirudi kwa mwandishi. Wapo wazee wenzangu ambao hata hawajui wamwombe nani ruhusa ya kuchapa upya kazi zao wenyewe. Ni aibu.

Toleo lijalo, kabla hamjamlipa mchora jalada, tengeni fungu la usafirishaji. Mabasi ya Kigoma, Tunduma na Lodwar yanapakia mizigo. Mtafuteni mwenye duka la madaftari huko, mpeni nakala kumi kwa mali kauli. Zisipouzika, zihamishieni mji wa pili.

Mzee wenu,
mwuza vitabu mstaafu