Vibarua wapumzishwe mchana wa kaskazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze hofu yangu kuhusu wapakia mizigo, wakata mkonge na mafundi ujenzi wa mkoa wetu wa Tanga, ambao kila msimu wa kaskazi hufanya kazi nzito juani kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana, na wakilalamika huambiwa kwamba mtu wa pwani amezoea joto.

Mazoea yapo, lakini yana mpaka. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea kazi ya juani, ndiyo maana kibarua aliyeteremka juzi kutoka kwenye baridi ya Lushoto yumo hatarini zaidi kuliko mwenzake wa Ngamiani. Hata huyo wa Ngamiani hutegemea jasho, na jasho hupoza mwili pale tu linapokauka juu ya ngozi. Katika fukuto letu la Februari, hewa ikiwa imejaa unyevu wa bahari, jasho hudondoka chini bila kukauka. Maji na chumvi vinamtoka mtu, joto linabaki ndani.

Madhara huanzia ndani ya seli. Protini zinazoendesha shughuli zake hufanya kazi zikiwa zimejikunja kwa umbo maalumu. Joto likizidi, umbo hilo hufumuka na protini hugandamana kama ute wa yai kikaangoni. Seli ina kinga yake. Mwaka 1962 Ferruccio Ritossa, mtaalamu wa jenetiki wa Italia, aliona katika mabuu ya inzi wa matunda kwamba joto likipanda, jeni fulani huamka ghafla, na baadaye ikajulikana kuwa jeni hizo hutengeneza protini za kuzilinda nyingine na kuzikunja upya. Kinga ya namna hii ipo kuanzia kwa bakteria hadi kwa mwanadamu, ila joto kali likidumu huzidiwa. Akina mama wanaolima mwani kwenye vijiji vya pwani yetu wanaujua ukomo huo vizuri: maji yakikupwa mchana na kuchemka kwa jua, matawi ya mwani hugeuka meupe, yakalainika na kukatika kwenye kamba, na jasho la wiki nzima likapotea.

Kwa mwanadamu, damu nyingi huelekezwa kwenye ngozi ili itoe joto, hivyo figo na utumbo hupungukiwa. Ukuta wa utumbo ukidhoofika, sumu za bakteria huvuja na kuingia kwenye damu. Joto la ndani, ambalo kwa kawaida ni nyuzi 37 hivi za Selsiasi, likipita 40 na mtu akaanza kusema ovyo, kupepesuka au kuzimia, hicho ni kiharusi cha joto. Inaniuma sana kwamba wapo wanaomdhania mtu wa namna hiyo kalewa, wakamwacha alale. Apelekwe kivulini, avuliwe nguo nzito, amwagiwe maji na kupepewa papo hapo huku gari likitafutwa. Na akiwa hana fahamu asinyweshwe kitu.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake. Nawaomba waajiri wetu waanze kazi nzito saa kumi na mbili asubuhi, waisimamishe saa tano na kuirudia saa kumi alasiri, maji ya kunywa yawe karibu, na kibarua mgeni aongezewe kazi kidogo kidogo. Hata hivyo, anayelipwa kwa gunia au kwa mzigo wa majani ya mkonge hatapumzika kwa hiari, kwa kuwa kila dakika ya kivulini inapunguza chakula cha wanawe. Kwa hiyo mapumziko hayo yalipwe, na viwango vya malipo ya kipande vipangwe upya kabla kaskazi haijaanza kuvuma.

Msomaji wako,
Makorora, Tanga